Sura ya Nne: Kimo Kabla ya Upana

Mwaka 1951 John Huston aliwapeleka Humphrey Bogart na Katharine Hepburn Uganda na Kongo kupiga The African Queen, hadithi ya boti kuukuu katika Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka kumi hivi baadaye Howard Hawks alikuja Tanganyika na John Wayne, wakafukuzana na vifaru na twiga kwa magari, na Hatari! ikaanza kuonyeshwa mwaka 1962. Mwaka 1966 ikatoka Born Free, ya simba jike Elsa, iliyopigwa Kenya. Filamu tatu za nchi zetu, zote ndani ya miaka 15, na hakuna mbili zenye umbo moja. Picha ya Huston ina upana wa mara 1.37 ya kimo chake, yaani imekaribia mraba. Ya Hawks ni mara 1.85. Ya Elsa ni mara 2.35: nyika imetandaa kushoto na kulia kiasi kwamba jicho halina budi kusafiri ili liimalize.

Ukutani kwako utatundika skrini moja. Umbo utakalochagua ndilo litakaloamua ipi kati ya hizo tatu ionekane kubwa na ipi ibanwe. Skrini isiyopendelea upande haipo. Lakini dukani muuzaji hukuuliza inchi ngapi, hakuulizi umbo gani, na mnunuzi huondoka na boksi refu begani akiwa ameshaamua jambo zito bila kujua kwamba ameliamua. Nataka uamue ukijua.

Tofauti hizi za maumbo hazikuja kwa bahati, na asiyejua chanzo chake ni rahisi kuchagua kinyume kabisa cha nia ya walioitengeneza filamu. Tangu siku za mwanzo za filamu ya milimita 35, picha ilikuwa na upana wa nne kwa kimo cha tatu. Sauti ilipoingia ikadai nafasi yake pembeni mwa ukanda, na mwaka 1932 Hollywood ikakubaliana juu ya 1.37, kipimo kinachojulikana kama cha Akademi. Kwa miaka 20 hivi dunia nzima ikatazama karibu umbo hilo tu. Televisheni nayo ilipozaliwa iliazima nne kwa tatu hiyohiyo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wamarekani walianza kubaki nyumbani jioni. Wenye sinema wakahitaji kitu ambacho kisanduku cha sebuleni kisingeweza kukitoa, wakakipata katika upana.

Mwaka 1952 Cinerama ilitumia projekta tatu kwa pamoja juu ya skrini moja kubwa iliyopinda. Ilikuwa ya ajabu lakini ghali. Mwaka uliofuata Twentieth Century-Fox ikaonyesha The Robe kwa mfumo wa CinemaScope, ikitumia ubunifu ambao Mfaransa Henri Chrétien alikuwa nao tangu miaka ya 1920: lenzi ya kamera huibana picha kwa ubavu ili ienee katika ukanda wa kawaida, kisha lenzi ya projekta huikunjua tena. Hizo ndizo lenzi za anamofiki. The Robe ilikuwa na upana wa mara 2.55. Baadaye kipimo kikatulia kwenye 2.35, na tangu mwaka 1970 hivi kikawa 2.39, ingawa mafundi wengi bado hutamka 2.35 kwa mazoea. India haikuchelewa: Guru Dutt alitoa Kaagaz Ke Phool mwaka 1959, filamu ya kwanza ya nchi hiyo kwa CinemaScope, na mwaka 1975 Sholay ikaonyeshwa kwa milimita 70.

Sasa zingatia kilichotokea ndani ya ukumbi. Katika sinema iliyojengwa kwa mpango huo, filamu pana ilipofika zamu yake, mapazia meusi ya pembeni yalivutwa nje. Kimo cha picha kilibaki palepale. Upana ndio ulioongezeka. Mtazamaji aliona picha ikikua mbele yake, na kukua huko kulikuwa ahadi kwamba anachokuja kukiona ni kikubwa kuliko cha wiki iliyopita. Filamu pana ilitengenezwa ili iwe kubwa kuliko zote. Shika hilo, maana televisheni yako ya kisasa imeligeuza juu chini: ukiwasha filamu pana, pau mbili nyeusi hutokea juu na chini, na ile iliyokusudiwa kuwa kubwa kuliko zote huwa ndogo kuliko taarifa ya habari.

Lawama si za mtu mmoja. Wahandisi wa televisheni walipokuwa wakitafuta umbo la televisheni mpya katika miaka ya 1980, Kerns Powers, aliyekuwa akifanya kazi na chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani, alifanya jambo ambalo unaweza kulirudia mezani kwa kadibodi na mkasi. Alichukua maumbo yote makuu yaliyokuwa yakitumika, kuanzia nne kwa tatu ya televisheni hadi 2.35 ya CinemaScope, akachora mstatili wa kila umbo kwa namna kwamba yote yawe na eneo sawa, kisha akayapanga moja juu ya jingine, kitovu juu ya kitovu. Kama eneo ni mita moja ya mraba, mstatili wa nne kwa tatu utakuwa na upana wa sentimita 115 na kimo cha 87. Ule wa 2.35 utakuwa na upana wa 153 na kimo cha 65. Chora mstatili wa nje unaoyameza maumbo yote: 153 kwa 87. Chora na wa ndani, ile sehemu ambayo maumbo yote yanaifunika: 115 kwa 65. Gawanya upana kwa kimo. Yote miwili inatoa jibu lilelile, karibu 1.77, na hiyo ndiyo 16 kwa 9.

Nalipenda jaribio hili kwa sababu linaonyesha wazi 16:9 ni nini. Ni umbo la suluhu. Lilipatikana kwa hesabu, katikati ya nne kwa tatu na CinemaScope, ili kila filamu ipunjwe kidogo na pasiwe na inayopunjwa sana. Kabla ya hapo halikuwa umbo la sinema. Leo kila televisheni ni 16:9, na karibu kila projekta ya nyumbani ina chipu ya 16:9, iwe ya pikseli 1920 kwa 1080 au 3840 kwa 2160. Swali la kweli basi liko hivi: je, ukutani nako tutundike suluhu, au turudishe mapazia ya pembeni ya sinema ya mwaka 1953?

Watu wanaoupenda ukumbi wa sinema kwa dhati hujibu haraka kwamba skrini pana ya 2.39 ndiyo skrini ya kweli. Moyo wangu uko pamoja nao, lakini jibu lao halitoshi. Kabla ya kupenda umbo lolote, chukua futikamba uingie chumbani.

Pima kutoka kwenye macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi hadi ukutani, kisha gawanya kwa 3. Jibu ndicho kimo kizuri cha picha. Mwenye kupenda picha imzingire anaweza kugawanya kwa 2.5, na mwenye macho yanayochoka upesi agawanye kwa 3.5, lakini 3 ni pa kuanzia pazuri. Kwa kochi lililo mita 3.6 kutoka ukutani, kimo ni sentimita 120. Kwa kimo hicho filamu ya kina Bogart itakuwa na upana wa sentimita 164, mpira wa 16:9 utakuwa na 213, na Born Free itataka 282. Naanza na kimo kwa sababu kimo ndicho kinachoamua ukubwa wa uso wa mtu. Mhusika anayejaza picha kutoka paji la uso hadi kidevuni atakuwa na ukubwa uleule katika filamu zote tatu ikiwa kimo ni kimoja, na jicho litamwona kuwa ni wa kawaida. Upana ni nafasi ya pembeni: nyika, jeshi, mtu aliyeachwa peke yake mwisho wa meza.

Kisha tazama ukuta wako na uulize kinachokubana ni kipi, upana au kimo. Hapa ndipo uamuzi mzima ulipo.

Chukua sebule ambayo ukuta wake una mlango upande mmoja na dirisha upande mwingine, ukabakiwa na sentimita 240 za skrini. Dari iko juu vya kutosha. Skrini ya 16:9 yenye upana huo itakuwa na kimo cha 135. Skrini ya 2.39 yenye upana huohuo itakuwa na kimo cha 100. Onyesha filamu pana: katika skrini zote mbili itakuwa 240 kwa 100, hakuna tofauti hata ya sentimita. Onyesha sasa mpira. Kwenye ya kwanza unajaza 240 kwa 135. Kwenye ya pili, kwa kuwa kimo kimeishia 100, upana wake utakuwa 178, na eneo lote litakuwa asilimia 55 tu ya lile la kwanza. Skrini pana katika chumba hiki haijakuza filamu pana. Imedogosha kila kitu kingine. Anayeitundika hapo kwa ajili ya mapenzi ya sinema amejinyima bila faida yoyote.

Chumba cha pili ni tofauti. Ukuta ni mpana, mita 4.5, lakini boriti ya zege imepita mbele ya dari na kushuka hadi sentimita 240 kutoka sakafuni. Kuna safu mbili za viti, kwa hiyo ukingo wa chini wa skrini lazima uwe sentimita 110 ili walio nyuma wasitazame visogo vya walio mbele. Kimo kilichobaki ni 130, na hakuna ujanja wa kukiongeza. Skrini ya 16:9 hapo ni 231 kwa 130. Filamu pana juu yake itashuka hadi 231 kwa 97, wakati huohuo zaidi ya mita moja ya ukuta imekaa bure kila upande. Skrini ya 2.39 ni 311 kwa 130. Mpira juu yake utakuwa 231 kwa 130, vilevile kama ulivyokuwa kwenye skrini ya 16:9. Hakuna ulichopoteza. Lakini filamu pana imepanda kutoka mita za mraba 2.2 hadi zaidi ya 4. Katika chumba hiki ningepigania skrini pana mbele ya familia nzima.

Vyumba vyetu vingi viko kama cha kwanza. Sebule ya kawaida ya nyumba ya mjini ina milango miwili mitatu na dirisha kubwa, na upana ndio unaokwisha kwanza. Ndiyo maana, kwa mapenzi yangu yote kwa CinemaScope, wengi wanaoniuliza huwaambia wachukue 16:9. Chumba cha kujengwa upya, gereji iliyogeuzwa au chumba cha juu chenye paa la kuinama ni habari nyingine. Na pangaboi lihesabiwe mapema. Nimeona michoro mizuri ya sinema ya nyumbani ambayo mwanga wa projekta unapita katikati ya mapanga yake, na dawa ya hilo ni kulihamisha pangaboi au kuishusha projekta; kupunguza skrini hakusaidii kitu.

Jihadhari na inchi. Inchi hupimwa kona hadi kona, na kona hadi kona haisemi chochote kuhusu eneo mpaka ujue umbo. Skrini ya inchi 100 ya nne kwa tatu ni sentimita 203 kwa 152. Ya 16:9 ni 221 kwa 125. Ya 2.35 ni 234 kwa 99 na nusu. Zote zimeandikwa 100 kwenye boksi, na eneo linashuka kutoka mita za mraba 3.1 hadi 2.8 hadi 2.3. Zile skrini za kusimamisha kwa miguu mitatu, zinazouzwa kwa ajili ya mikutano na semina, mara nyingi ni za mraba au nne kwa tatu. Ukiiona bei yake nzuri, kumbuka kwamba filamu pana itaacha karibu nusu ya kitambaa hicho ikiwa tupu.

Mwenye chumba cha aina ya pili ana swali jingine la kujibu: projekta yake itaijazaje skrini pana, ikiwa chipu yake ni ya 16:9? Njia ya kwanza ni zumu. Unaikuza picha mpaka filamu pana iguse kingo za kushoto na kulia, na pau nyeusi za juu na chini zinamwagikia nje ya skrini, juu ya ukuta. Kutoka upana wa 231 hadi 311 unahitaji zumu ya mara 1.35 au zaidi, na projekta nyingi za bei ya chini zinaishia 1.1 au 1.2, nyingine hazina zumu ya lenzi kabisa. Zumu ya kidijitali haihesabiki. Hiyo hukata pikseli tu. Projekta za daraja la juu zina kumbukumbu ya lenzi: unabonyeza kitufe cha rimoti, nayo inahama yenyewe kutoka umbo moja hadi jingine. Bila kumbukumbu hiyo utapanda ngazi kila baada ya mpira, na najua nyumba nyingi zitakavyoamua: picha itaachwa ilivyo, na skrini pana itabaki pambo.

Zumu ina gharama ya mwanga pia. Mwanga uleule sasa umetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi kwa mara 1.8, na robo yake inapotea kwenye zile pau zilizomwagika nje. Kumbi za sinema hulenga mng'ao wa kandela 48 kwa mita ya mraba. Katika chumba cheusi kabisa, skrini nyeupe ya kawaida ya 231 kwa 130 inahitaji lumeni 450 hivi za kweli kuufikia, na projekta iliyokuzwa hadi upana wa 311 inahitaji zaidi ya 800. Nasema za kweli kwa sababu lumeni za kwenye boksi hupimwa katika mpangilio mkali kuliko yote, ule wenye rangi mbovu, na ukiingia katika mpangilio wa filamu zinapungua sana.

Njia ya pili ni lenzi ya anamofiki mbele ya projekta, mjukuu wa ile ya Chrétien, inayoitanua picha kwa ubavu mara 1.33. Hutumia pikseli zote na mwanga wote. Bei yake inaweza kuizidi ya projekta yenyewe, kwa hiyo siizungumzii zaidi.

Wenye projekta za ofisi zilizonunuliwa mitumba wazisome kwanza pikseli zake. Pikseli 1024 kwa 768 ni nne kwa tatu, na 1280 kwa 800 ni 16:10. Hii ya pili inafaa kabisa kwa skrini ya 16:9, kwani asilimia kumi tu ya kimo chake haitumiki. Ile ya kwanza itaonyesha filamu pana kwa zaidi ya nusu tu ya chipu yake.

Baada ya ukuta na projekta, itazame familia. Nyumba ambayo Jumamosi na Jumapili ni za ligi, na siku za kazi ni za tamthilia, inaishi ndani ya 16:9. Michezo yote hurushwa hivyo. Tamthilia nyingi za mtandaoni siku hizi hupigwa kwa 2:1, umbo alilolipigia debe mpigapicha Mwitaliano Vittorio Storaro mwaka 1998 akitarajia sinema na televisheni zikutane hapo. House of Cards ya mwaka 2013 ilikuwa hivyo, na Stranger Things baada yake. Wapo wanaotengeneza skrini ya 2:1 kwa fundi kama njia ya kati, na mimi naiona ni chaguo la busara kuliko linavyosifiwa: mpira unakosa upana kidogo, filamu pana inakosa kimo kidogo, na tamthilia inajaa pembe zote.

Mpenzi wa Christopher Nolan awe mwangalifu zaidi ya wote. Katika The Dark Knight ya mwaka 2008, sehemu zilizopigwa kwa kamera za IMAX hupanda juu na chini kujaza 16:9 kwenye diski ya nyumbani, halafu picha inarudi kuwa pana, mara kadhaa katika filamu moja. Dunkirk hufanya hivyohivyo. Kwenye skrini pana iliyojazwa kwa zumu, sehemu hizo zitamwagikia darini. The Grand Budapest Hotel ya Wes Anderson inatumia maumbo matatu kwa makusudi, kila kipindi cha hadithi na umbo lake, na naamini hiyo pekee ni sababu tosha ya mtu kuipenda 16:9, ambayo hupokea yote bila kuguswa. Mwenye kutegemea maandishi ya tafsiri naye achunguze: diski na mitandao mingine huyaweka ndani ya pau nyeusi ya chini, na pau hiyo ikimwagika nje ya skrini, maneno yanaenda nayo.

Umbo lolote utakalolichagua, tengeneza vifuniko. Projekta haiwezi kutoa weusi halisi. Ile pau nyeusi ya filamu pana ni kijivu, na kijivu hicho karibu na picha huifanya picha yenyewe ionekane imepauka. Fundi seremala atakukatia vipande viwili vya hadibodi vyepesi, kila kimoja kirefu kama upana wa skrini. Vifunike kwa mahameli meusi, weka sumaku ndogo nyuma na vipande vya chuma kwenye fremu. Kwa skrini ya 240 kwa 135 vinahitaji kimo cha sentimita 17 na nusu kila kimoja, juu na chini, ili filamu ya 2.39 ibaki imezungukwa na giza tupu. Tengeneza na viwili vya kusimama, vya sentimita 30, kwa ajili ya filamu za nne kwa tatu na kanda za harusi za zamani. Kazi hiyo ndogo inaongeza uzuri wa picha kuliko kitambaa cha bei mbaya. Na kanda hizo za harusi zisinyooshwe zijaze skrini; katika menyu ya projekta chagua umbo la asili, bibi harusi abaki na mwili aliokuwa nao.

Kabla ya kumlipa fundi, bandika tepu ya karatasi ukutani kwa vipimo ulivyovipata, washa projekta juu ya ukuta mtupu, na watazame wote wa nyumbani kwa siku kadhaa: mechi moja, filamu pana moja, ya zamani moja. Mwache anayekaa mbali zaidi aseme kama kimo kinamtosha, na anayekaa karibu aseme kama shingo inamuuma. Kimo kikikubaliwa, hamisha tepu za pembeni ndani au nje mpaka ukuta ugome, halafu ndipo uandike vipimo vya kumpelekea fundi.